Kuchemsha hakutoi dawa ya shamba kwenye maji, fanya hivi kama unaishi karibu na mashamba

Kama unaishi sehemu za kilimo cha umwagiliaji, iwe Meru, Lushoto, Mang'ola au kokote wanakolima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji, hii picha unaijua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kijana kashuka mferejini na solo lake, lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa, kalitumbukiza zima zima mpaka limejaa lita 16, kachuchumaa palepale ukingoni kamimina dawa, kakoroga na kijiti, povu jeupe likamwagika pembeni na kuondoka na maji. Hatua mia mbili chini yake watoto wanajaza madumu ya kupeleka nyumbani. Na nyumbani mama anakwambia sisi hatuna shida bwana, maji yetu tunachemsha.

Hapo kwenye "tunachemsha" ndo nataka tuanzie maana watu wengi sana tumelala hapo, hata mimi nililala hapo miaka mingi. Kuchemsha kunaua vijidudu, kipindupindu, taifodi, amiba, na uendelee kuchemsha wala usiache hata siku moja kwa sababu ya nitakayosema hapa. Ila dawa ya shamba sio mdudu, haina uhai wa kuuliwa. Zipo chache zinazovunjika kwa moto lakini nyingi zinabaki sufuriani, na unakuta maji yamepungua kwa mvuke dawa imebaki ileile, yaani kwenye kikombe inakuwa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo. Mbolea nayo hivyohivyo, zile naitreti za urea na CAN zikishaingia kisimani ukichemsha unazikoleza, na kichanga wa chini ya miezi sita akitengenezewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi damu yake inashindwa kubeba hewa, anabadilika rangi midomo na kucha zinakuwa za bluu, huyo ni wa kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

WaterGuard na vile vidonge vya klorini ni hadithi ileile, vinaua vijidudu basi. Tena kwa dawa za wadudu za jamii ya klopirifosi, klorini inaweza kuigeuza ikawa kitu kinaitwa oksoni ambacho kwenye mishipa ya fahamu ni kikali kuliko dawa yenyewe. Kuchuja na kitambaa kunatoa takataka. Mbegu za mlonge zinatuliza tope. Kuanika chupa juani kunaua bakteria. Zote hizo ni njia nzuri kwa kazi yake na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya dawa ya nyanya, kwahiyo ukisikia mtu anakuuzia mojawapo kama kinga ya viuatilifu, yaani hizo dawa za shamba, ujue anakudanganya au kadanganywa.

Sasa kiasi gani kinatosha kuharibu maji? Tupige hesabu kidogo, mi mwenyewe hii ndo ilinishtua. Chukua klopirifosi ile ya gramu 480 kwa lita, dawa ambayo imeuzwa sana kwenye maduka ya pembejeo. Kifuniko kimoja cha mili 10 kina karibu gramu 5 za sumu yenyewe. Shirika la Afya Duniani kiwango chake cha mwongozo kwa dawa hii ni mikrogramu 30 kwenye lita moja ya maji ya kunywa. Gawanya hapo: kifuniko kimoja kikimwagika kwenye maji kinatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita 160,000, ndoo elfu nane zile za lita 20. Ulaya wamebana zaidi, wao dawa yoyote moja isizidi mikrogramu 0.1 kwa lita na zote zikijumlishwa zisizidi 0.5, kwahiyo kwa kipimo chao kifuniko hichohicho kinaharibu lita milioni 48. Kifuniko kimoja! Na yule kijana kwenye mfereji anasuuza solo zima humo kila jioni.

Nisieleweke vibaya, sio kwamba kila anayekunywa maji ya mfereji ataanguka kesho. Kuna vitu viwili tofauti hapa na ukivichanganya utaogopa pasipostahili na utadharau panapostahili.

Cha kwanza ni sumu ya ghafla. Hii mara nyingi haiji kwa maji ya mfereji, inakuja kwa dumu. Mtu kanunua dumu la lita tano gulioni, zuri, jeupe, limeoshwa na sabuni mara tatu halinuki kitu, kumbe lilikuwa la dawa na plastiki imeshainywa, sasa inaitema taratibu kwenye maji. Au dawa imehamishiwa kwenye chupa ya soda ikawekwa dirishani, mtoto akaiona. Dalili za dawa za jamii ya fosfeti (klopirifosi, profenofosi, daimethoeti na wenzake) ukishaziona huzisahau: mate yanamtoka mengi, jasho, machozi, anatapika, anaharisha, tumbo linakata, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inachezacheza chini ya ngozi, halafu pumzi inakuwa ya shida. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi huku mnavaa glavu au hata mifuko ya nailoni mikononi, msimtapishe kwa nguvu, msimnyweshe mafuta wala maziwa mkidhani yanakata sumu, pakieni kwenye bodaboda au gari na mbebe chupa yenyewe ya dawa au piga picha lebo. Ile lebo ndo inamwambia daktari aanze na atropini, dawa ya kukata hiyo sumu, au afanye kingine. Parakwati, ile ya kuua majani, haina dawa ya kuikata kabisa, na Umoja wa Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2007, kwahiyo ikimezwa hata funda moja kila dakika ni mali.

Cha pili ni kile kidogokidogo cha kila siku, ambacho hukisikii mdomoni, hakina harufu wala rangi. Hiki ndo cha maji. Mtu mzima mwili wake unahimili kidogo, ila mtoto kwa uzito wake anakunywa maji mengi kuliko wewe, na ubongo wake bado unajengwa. Klopirifosi imehusishwa na kudumaa kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu tumboni, na hiyo ni moja ya sababu Ulaya waliipiga marufuku mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zikakubaliana iondolewe duniani isipokuwa matumizi machache yaliyopewa muda. Kwahiyo mama mjamzito na mtoto ndo watu wa kwanza kutafutiwa maji mengine, kabla hata ya kujadili kitu kingine chochote. Glaifoseti nayo watu wanaibishania sana, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 iliiweka kundi la zile ambazo yamkini zinasababisha saratani, wakati mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei kusababisha saratani, mi nasema hivi: ubishi wao usikufanye uinywe.

Halafu zipo zile za zamani, DDT, dieldrini na wenzake, ambazo haziondoki. Shamba la serikali la Vikuge pale Kibaha, mwaka 1986 zilikuja tani kama 170 za dawa kutoka Ugiriki, nyingine muda wake umeshaisha, zikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka baada ya miaka michache. Baadae dawa zikaja kuondolewa, lakini watafiti walivyorudi kupima udongo bado walikuta DDT nyingi mno. Kama kuna ghala la zamani la chama cha ushirika au shamba la serikali karibu na chanzo chenu, ulizeni wazee kulikuwa kunahifadhiwa nini. Wazee wanakumbuka.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kutembea. Siku moja asubuhi, siku ambayo watu wanapiga dawa, panda na mfereji au kijito kutoka pale unapochota kuelekea juu, nusu saa au saa nzima, na daftari. Hii ina faida kuliko kipimo chochote cha hela nyingi. Angalia watu wanajazia wapi solo. Angalia makopo na pakti tupu zimetupwa wapi, maana mara nyingi ziko palepale pa kuchanganyia, chini ya mti mmoja, zinang'aa. Angalia kama shamba limelimwa mpaka kwenye ukingo wa maji au kuna majani yameachwa. Uliza kwa heshima, usiende kama askari: "Shikamoo mzee, mwaka huu kantangaze (yule mdudu wa nyanya) mnamuua na nini?" atakuonesha chupa mwenyewe tena atakupa na somo. Andika kiambata amilifu, yaani sumu yenyewe iliyomo, sio jina la biashara, kwasababu sumu moja ina majina ya biashara hata kumi. Andika na rangi ya mstari wa chini kwenye lebo: nyekundu ndo kali kabisa, njano inafuata, bluu, kijani.

Hilo jina la kiambata lina kazi kubwa kwasababu dawa zina tabia mbili. Kuna zinazong'ang'ania udongo, klopirifosi ni mojawapo, hizo zinasafiri na tope, maana yake hatari yake ni siku za mvua, hasa ile mvua ya kwanza ya masika inayoosha mashamba yote kwa mpigo. Kwa hizi kinga yako ni kutochota maji ya tope kabisa, weka akiba ya siku mbili tatu kabla mvua haijaanza, na kama huna jinsi basi yaache yatuame usiku kucha kisha teka ya juu bila kukoroga, sehemu ya dawa itabaki na tope chini, sio yote. Na kuna zinazoyeyuka na kuzama, kama atrazini ya kwenye mahindi, hizi zinapenya ardhini polepole mpaka kisimani na huko chini gizani baridi haziozi haraka, Ulaya waliifungia atrazini miaka ya mwanzo ya 2000 hasa kwa sababu ya maji ya ardhini. Kwahiyo mtu akikwambia kisima chetu kirefu hakina shida, muulize juu yake kunalimwa nini na tangu lini.

Kisima chenyewe kikague. Kama ni cha kuchimba kwa mkono na mdomo uko wazi usawa wa ardhi, maji ya mvua yanaingia moja kwa moja, jengea ukuta wa kimo cha magoti, sakafu ya zege pembeni yenye mteremko wa kwenda nje, mfuniko, na ndoo moja ya kuchotea isiyotoka hapo. Mtu yeyote asije na ndoo aliyokorogea dawa. Hilo liandikwe kwenye ubao palepale kwa herufi kubwa.

Maji ya kunywa ya mama mjamzito na watoto kama bado una wasiwasi tafuta kwingine. Maji ya mvua ya bati ni mazuri ila yale ya dakika kumi kumi na tano za mwanzo yamwage, yanaosha vumbi la paa na dawa iliyopeperushwa na upepo, afu simtenki lifunikwe. Kama jirani anapiga dawa na upepo unakuja kwako ondoa ule mfereji wa bati kwenye tenki mpaka mvua nyingine ioshe.

Chujio. Zile za vyungu na mishumaa pekee yake zinachuja vijidudu, kwa dawa hazitoshi. Kinachonasa dawa nyingi ni kaboni amilifu, mkaa maalumu uliotengenezwa ukawa na vitundu vingi mno kwa ndani, na mashine za osmosi zenye utando. Muulize muuzaji ndani mna kaboni? inabadilishwa baada ya lita ngapi? spea zinapatikana? Asipokuwa na jibu la swali la pili na la tatu usinunue, kwa sababu kaboni ikishajaa inaacha kunasa na wewe hutajua, maji yatatoka masafi vilevile. Mkaa wa jikoni uliopondwa unanasa kidogo lakini huwezi kuutegemea, hujui umenasa nini na umeachia nini, usiuwekee roho ya mtoto.

Kupima. Hapa watu wengi wanapigwa na mshangao, wanapeleka maji maabara wanarudi na karatasi imeandikwa maji salama, kumbe walipima bakteria, floraidi na chumvi. Viuatilifu ni kipimo kingine kabisa kwa mashine nyingine, lazima ukitaje kwa jina. Kwa Tanzania ulizia Mkemia Mkuu wa Serikali, au TPHPA pale Ngaramtoni Arusha, ile mamlaka ya viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI. Nenda na orodha yako ya viambata, ndo maana nilisema andika, kwasababu wakijua wanatafuta nini kazi inakuwa rahisi na unaepuka kulipia kitu kisichotumika kwenu. Waombe chupa zao wenyewe, kwa kawaida ni za kioo cha kahawia, sampuli ikae kwenye ubaridi na barafu ifike haraka, usipeleke na chupa ya maji ya dukani. Na chagua siku: ukichota kiangazi wakati hakuna anayepiga dawa utapata karatasi safi isiyokusaidia, chota wiki ya kupiga dawa na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Gharama sio ndogo kwa mtu mmoja, jumuiya ya watumia maji ichange, na muandikieni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya na ofisi ya bodi ya bonde lenu ili matokeo yasibaki mfukoni mwa mtu.

Lakini ndugu zangu, haya yote ni kukimbiza maji yakishamwagika. Dawa ikishaingia kwenye maji kuitoa ni ghali, kuizuia isiingie ni ndoo moja. Kweli, ndoo moja. Mkulima achote maji kwa ndoo safi, aende nayo shambani kwake mbali na mfereji, achanganyie huko, ajaze solo huko. Solo lisitumbukizwe kwenye maji hata siku moja. Akimaliza asuuze mara tatu hukohuko shambani na yale masuuzo ayapige kwenye zao lilelile aliloanza nalo, ni dawa kalipia hela kwanini aimwage. Kopo nalo lisuuzwe mara tatu ndani ya solo wakati anachanganya, kisha atoboe kitako ili lisije likawa la maji ya mtu au la mafuta ya taa. Asichome makopo uani, moshi wake ni sumu nyingine. Yakusanywe sehemu moja yenye mlango mpaka bwana shamba au muuzaji atakapoonesha yanapopelekwa. Asipige kama wingu la mvua linakuja. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeshasema mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa pasifanyike shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu, sasa najua milimani kwetu kuna mashamba ya familia yako ndani ya hizo mita 60 toka enzi za babu, basi walau aache ukanda wa matete au majani ya ng'ombe pembeni ya maji, yananasa tope na ng'ombe anakula... hapana, hapo ngoja, majani yaliyopigiwa dawa pembeni yake asikate mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.

Halafu kuna jambo linaniuma. Miaka ya 1990 mwishoni watu walikuwa wanamwaga thiodani, dawa ya wadudu ya shambani, Ziwa Victoria kuvua samaki, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo. Serikali zote tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zikahangaika, sangara ni pesa. Sawa, lakini watu wa visiwani na mialoni walikuwa wanachota maji ya ndoo kwenye ziwa lilelile kila asubuhi, na maji yao hayakuwa na mnunuzi wa kuyakataa. Maji ya kijiji yanatakiwa yawe na mtu wa kuyakataa.

Kwahiyo lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji, na mlipeleke vizuri. Mkianza na faini mtapigana na wakulima ambao ni kaka zenu na wajomba zenu, na wao ndo wa kwanza kuumizwa na hizo dawa. Sisi tulianza na mzee mmoja mwenye shamba la juu kabisa, ambaye kila mtu anamheshimu. Nilimwambia baba, wajukuu zako wanachota pale chini kwa mama fulani. Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mi najua maji yanaenda, dawa sikujua inaenda nayo." Wiki ile akatoa pipa la lita 200, likawekwa kwenye kona ya shamba lake mbali na mfereji, na ndoo yenye kamba nyekundu ya kujazia. Anayepiga dawa upande ule anachanganyia hapo. Makopo yanaingia kwenye kiroba ndani ya kibanda cha pembeni, na ufunguo wa kibanda anakaa nao yeye.